Mama Daktari

KCSE ya 2015 iliponipa A-, majirani walianza kumwita mamangu Mama Daktari. Pointi za klasta zikakataa, nikapangiwa Biokemia. Nilivumilia miaka miwili, nikaacha, na mwaka mzima nikamdanganya Mama kwamba niko shule.

Siku hizi naandika makala za afya kwa Kiswahili, nalipwa kwa kila makala. Juzi nikapata Mama ameacha dawa za presha.

"Si nimepona? Kichwa hakiniumi."

Nikamweleza polepole: presha inaweza kupanda bila dalili yoyote, dawa huishusha, haiiondoi. Akanyamaza.

"Mbona kliniki hawakuniambia hivyo?"

Lile jina bado linaniuma. Lakini leo asubuhi nimemsikia jikoni akitafuta maji ya kumezea dawa.