Katika Kiwanja cha Kapiteni Coram, London

Msafiri atokaye katika kituo cha treni za chini ya ardhi kiitwacho Russell Square, katikati ya mji wa London, akitembea kwa miguu dakika chache upande wa mashariki, hufika mahali pa ajabu kidogo. Pana kiwanja kikubwa chenye majani mabichi na miti mirefu, na langoni pana tangazo lisemalo kwamba mtu mzima hana ruhusa ya kuingia ila amefuatana na mtoto. Kwetu tumezoea kuona mtoto akizuiwa mlangoni mpaka aje na mkubwa wake. Hapo mambo yamegeuzwa: mkubwa ndiye anayetakiwa kushikwa mkono. Nami, kwa kuwa nilikuwa peke yangu, nilisimama nje ya ua nikatazama watoto wakicheza mpira.

Jina la kiwanja hicho ni Coram's Fields, nacho kilifunguliwa kwa ajili ya watoto mwaka 1936. Lakini habari zake zilianza karibu miaka mia mbili kabla ya hapo. Nilikuwa nimepelekwa London kwa majuma machache ya mafunzo ya kazi ya ofisi, na Jumamosi moja isiyo na masomo nilikwenda kupaona, kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwamba zamani palikuwa na nyumba kubwa ya kulelea watoto wasio na wazazi. Yale niliyojifunza hapo nadhani yanamfaa kila mtu ambaye katika wilaya yake kuna nyumba ya watoto, au ambaye hutoa sadaka yake kwa ajili ya nyumba kama hiyo.

Kapiteni Thomas Coram alikuwa baharia na mjenzi wa merikebu. Alikaa Amerika miaka kadhaa, kisha akarudi Uingereza. Kila alipopita njiani kwenda mjini na kurudi, aliona watoto wachanga waliotupwa kando ya barabara, wengine wamekwisha kufa na wengine wakikata roho. Akawaendea mabwana wakubwa kuwaomba msaada. Wengi walikataa, wakisema kwamba kuwalea watoto wa namna hiyo ni kuwatia moyo watu waovu. Kapiteni hakuchoka. Alihangaika miaka 17, na watu waliomsaidia sana walikuwa mabibi 21 wa jamaa bora waliokubali kutia sahihi ombi lake. Tarehe 17 Oktoba 1739, Mfalme George wa Pili alitoa hati ya kuanzisha nyumba hiyo, ikaitwa Foundling Hospital, yaani makao ya watoto waliookotwa.

Usiku wa tarehe 25 Machi 1741 mlango ulifunguliwa kwa mara ya kwanza katika nyumba iliyokuwa mtaa wa Hatton Garden. Kabla ya usiku wa manane watoto 30 walikuwa wamekwisha kupokewa, na nafasi imejaa. Akina mama waliobaki nje walirudi na watoto wao mikononi, wakilia. Baadaye likajengwa jengo kubwa katika mashamba yaliyokuwa ukingoni mwa mji, mahali palepale penye kiwanja leo. Hata hivyo waliokuja walizidi nafasi, hata ikawekwa kanuni mwaka 1742: kila mama atie mkono katika mfuko atoe kipira kimoja. Akitoa cheupe, mtoto wake atapokewa kama hana ugonjwa. Akitoa chekundu, atangoje, huenda mtoto wa mwingine akakataliwa. Akitoa cheusi, aende zake.

Jengo lenyewe halipo tena. Watoto walihamishwa kutoka mjini mwaka 1926, na baadaye likabomolewa. Lakini hatua chache kutoka kiwanjani, katika Brunswick Square, kuna jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2004, na mbele yake imesimama sanamu ya Kapiteni. Ndani yake niliona vitu vidogo sana vilivyowekwa katika makabati ya kioo: sarafu iliyochongwa majina, kifuniko cha kidole cha mshonaji, ganda la kokwa. Hizo ni alama walizoacha akina mama, ili siku wakirudi kumdai mtoto waweze kuthibitisha kwamba ni wao, kwa maana mtoto alipopokewa alibatizwa jina jipya, na jina lake la kwanza likaachwa. Wengine waliacha kipande cha nguo tu. Akina mama waliorudi walikuwa wachache mno.

Mgeni huonyeshwa pia ukumbi mzuri wa mabwana wasimamizi, wenye dari la nakshi, na picha zilizotolewa na wachoraji mashuhuri, mmoja wao William Hogarth. Huambiwa kwamba mtungaji wa muziki, George Frideric Handel, aliifanyia nyumba hiyo matamasha ya kupata fedha. Yote hayo ni ya kupendeza. Lakini mimi nilitaka kujua jambo jingine: ni nani aliyewaosha watoto wale, akawalisha na kukesha nao walipougua? Tena alilipwa nini?

Jibu lake halimo katika ukumbi ule wenye nakshi. Liko katika vijiji vya Uingereza. Mtoto mchanga alipopokewa hakukaa sana katika jengo la London. Wasimamizi walijifunza mapema kwamba mtoto anayelishwa uji kwa kijiko katika nyumba ya watu wengi hufa upesi kuliko yule anayenyonya maziwa ya mwanamke. Kwa hiyo waliwapeleka watoto mashambani kwa wanawake wanyonyeshaji, wengi wao wake za vibarua, wakae huko mpaka umri wa miaka mitano hivi. Mwanamke huyo alilipwa shilingi 2 na peni 6 kwa juma. Tena mtoto akimaliza mwaka wa kwanza akiwa hai, mlezi alipewa zawadi ya shilingi 10. Katika kila sehemu palikuwa na msimamizi wa kujitolea, mara nyingi bibi wa jamaa ya heshima au mke wa padre, ambaye kazi yake ilikuwa kuchagua walezi, kuwalipa, kugawa nguo, kutazama watoto, na kuandika barua London kueleza hali zao.

Fikirini, wasomaji, busara iliyokuwa katika mpango huo. Mtoto alikuwa na mtu wake mmoja. Mtu huyo alikuwa na ujira uliojulikana, na sababu ya kufurahi mtoto akiishi. Kisha palikuwa na jicho la tatu la kuwatazama wote wawili. Si kwamba hapakuwa na vifo. Siku zile watoto wengi walikufa hata katika nyumba za matajiri. Lakini mlezi alihesabiwa kuwa sehemu ya kazi yenyewe, wala si mtumishi wa kuajiriwa kwa lolote litakalobaki baada ya kununua matofali.

Sasa tazameni kilichotokea mwaka 1756. Bunge la Uingereza lilitoa pauni 10,000 kwa sharti kwamba kila mtoto atakayeletwa apokewe, bila kipira wala swali. Langoni kikatundikwa kikapu. Siku ya kwanza, tarehe 2 Juni, waliletwa watoto 117. Watu walianza kuwaleta kutoka nchi za mbali, wakiwa wamepakiwa pamoja na mizigo, na wengine walifika wakikaribia kufa. Mpaka mwezi wa Machi 1760, mpango huo ulipokomeshwa, watoto 14,934 walikuwa wamepokewa. Katika hao waliofikia umri wa kufundishwa kazi walikuwa 4,400 hivi. Waliosalia, yaani zaidi ya theluthi mbili, walikufa.

Fedha zilikuwapo. Jengo lilikuwapo. Nia njema ilikuwapo pia. Kilichokosekana ni wanawake wa kutosha wa kuwanyonyesha watoto wengi namna ile, na wasimamizi wa kutosha wa kuwaangalia. Wahenga walisema, "Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana." Bunge lilidhani kupokea ndiyo kazi, kumbe kupokea ni mwanzo tu.

Mkulima ataelewa jambo hili upesi kuliko karani. Mtu akinunua ng'ombe wa gredi, akawajengea banda la mawe na kuwawekea bomba la maji, kisha akamwajiri mchungaji mmoja kwa ng'ombe arobaini, asiyepumzika hata siku moja na ambaye mshahara wake huchelewa miezi miwili, je, atashangaa maziwa yakipungua? Hatashangaa. Naye akishangaa, jirani zake watamcheka.

Lakini mpango ule wa vijijini nao ulikuwa na jeraha lake. Mtoto alipotimiza umri wa miaka mitano hivi, alichukuliwa kwa yule aliyemjua kuwa mama yake, akarudishwa London kuvikwa nguo za namna moja na wenziwe na kulala katika chumba kirefu cha vitanda vingi. Desturi hiyo iliendelea hata karne ya ishirini. Wazee kadhaa waliolelewa katika nyumba hiyo katika siku zake za mwisho wameeleza habari zao, nazo zimerekodiwa. Jambo ambalo hawakulisahau ni siku ile ya kutenganishwa na mama mlezi. Walipewa chakula, nguo na masomo, lakini hapakuwa na mtu wa kuwapakata.

Waingereza wenyewe hatimaye walilikubali jambo hilo. Mwaka 1946 kamati iliyoongozwa na Bibi Myra Curtis ilitoa taarifa juu ya watoto wasio na makao ya kawaida. Ilishauri kwamba mtoto apelekwe katika jamaa kama inawezekana. Asipopata jamaa, akae katika nyumba ndogo ya watoto 8, au wasizidi 12, chini ya mama wa nyumba aliyefundishwa kazi hiyo. Sheria ya watoto ikafuata mwaka 1948. Watoto wa mwisho wa nyumba ya Kapiteni waliondoka kufikia miaka ya 1950, na chama alichokianzisha kinaendelea hata leo, kikiwatafutia watoto wazazi wa kuwalea.

Habari hizi si za Uingereza peke yake. Nchi yetu ya Kenya nayo imeingia katika njia hiyo. Mwaka 2017 Serikali ilisimamisha uandikishaji wa nyumba mpya za watoto za hisani. Mwaka 2022 ilipatikana Sheria mpya ya Watoto, na mwaka huohuo ukatangazwa mpango wa miaka kumi, hata 2032, wa kuwarudisha watoto katika jamaa zao au katika jamaa nyingine zitakazowapokea. Kazi hiyo ni kubwa, na haitamalizika kwa siku moja. Wakati inapoendelea, wapo watoto ambao usiku wa leo watalala katika nyumba hizo, na wapo akina mama watakaokesha nao.

Kwa hiyo nina ombi kwa wasomaji. Tunapokwenda kutembelea nyumba ya watoto, pamoja na kikundi cha kanisa, au cha msikiti, au cha wafanyakazi wa ofisi, macho yetu hukimbilia mabati mapya, blanketi na magunia ya unga. Watoto hutuimbia wimbo, tunapiga picha, tunarudi tumeridhika. Yule mlezi amesimama nyuma karibu na jiko, wala hakuna anayemwuliza jina lake. Tumwulize. Je, analea watoto wangapi mchana, na wangapi usiku? Amefanya kazi hapo muda gani, na kabla yake walipita wangapi? Hupumzika siku gani? Mshahara wake hulipwa kwa wakati? Amepata kufundishwa kazi ya ulezi? Tena, akiona mtoto anatendewa vibaya, yuko mtu anayeweza kumweleza bila hofu ya kufukuzwa?

Maswali hayo si ya kutafuta makosa. Mtoto ambaye walezi wake hubadilika kila miezi mitatu hujifunza kwamba hakuna mtu wa kumtegemea, hata akiwa ameshiba. Mwanamke aliyechoka, mwenye watoto ishirini na ambaye wanawe mwenyewe wako mbali naye, hawezi kumpakata kila anayelia, hata kama moyo wake ni mwema. Tukimwonea mlezi, tumemwonea mtoto.

Basi mwenye kutaka kusaidia, na ampe kwanza ndugu, shangazi au bibi wa mtoto uwezo wa kumlea nyumbani, kwa karo, kwa chakula, au hata kwa ng'ombe mmoja wa maziwa. Na mahali ambapo haiwezekani, katika fedha anayotoa, fungu moja lisemwe waziwazi kuwa ni la mshahara na likizo ya walezi. Blanketi ni kitu kizuri, lakini huhitaji mkono wa kumfunika mtoto usiku wa manane, na mkono huo una haki ya kulipwa na kupumzika.