Kutoka Lusahunga Hadi Benako

Ukishuka garini hapa Lusahunga utaona njia mbili. Moja yaenda Biharamulo, lilipo lile Boma la Wajerumani. Ya pili yaelekea magharibi, kilomita 92 hadi daraja la Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Twende hii ya pili.

Kabla ya mpaka utapita Benako, wilaya ya Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja lile kwa muda wa siku moja hivi, wakiikimbia Rwanda, wakapiga kambi hapa. Desemba 1996 walirudi kwao, na kambi ikabaki tupu. Nyasi zimeota, lakini mahali walipokaa watu wengi namna ile hapakosi vyuma ardhini: sufuria zilizotoboka, vikopo, misumari.

Na chuma chakavu ni fedha. Watoto huokota na kuuza kwa kilo. Vijana wengine wana mashine, ile yenye sahani kwenye ncha ya fimbo, inayolia ikipita juu ya chuma au dhahabu. Wengine huitafuta mali inayosemwa Wajerumani waliizika. (Mimi hujiuliza, watu waliokuwa wakikimbia vita mwaka 1916 walipata wapi nafasi ya kuchimba mashimo yote tunayoonyeshwa!) Tena kuchimba vitu vya kale bila kibali kumekatazwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.

Siwacheki vijana hao. Ada na sare hazingoji mavuno. Lakini mashine hiyo hutuma nguvu ya sumaku ardhini, na madini yoyote huijibu. Hulia kwa msumari, hulia kwa kifuniko cha chupa, hulia na kwa bomu. Haikuambii ni lipi.

Ni huku huku Ngara, katika shule ya msingi Kihinga, tarehe 8 Novemba 2017. Mtoto aliokota kitu cha chuma akidhani ni chakavu cha kuuza, akaenda nacho shuleni. Kumbe ni bomu la mkono. Likalipuka. Watoto watano walikufa, na zaidi ya 40 waliumia.

Basi, baba na mama, waonyesheni watoto jambo hili leo jioni. Wakiona chuma wasichokijua, cha mviringo, chenye pete au mkia, wasikiguse, wasikipige jiwe, wasikitupe motoni, wala wasikibebe kumpelekea mwalimu. Warudi kwa nyayo zao zile zile, wamwambie mtu mzima. Naye asiende kukichokoa kwa fimbo. Awazuie watu mbali, ampashe habari mwenyekiti wa kitongoji, na polisi waitwe.

Na mtoto akija kukuambia, usimchape kwa kuwa alikwenda mahali ulipomkataza. Ukimchapa, kingine atakachokiona hatakuambia.