Kirukia, mpangaji asiyelipa kodi kwenye migunga ya Naivasha

Ukitoka Nairobi kwenda Naivasha kwa barabara ya chini, ile iteremkayo Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, bila shaka utatazama vitu viwili: kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, na Mlima Longonot. Safari ijayo, inua macho pia uitazame migunga.

Safiri kiangazi, mwezi wa Januari au Februari. Wakati huo migunga mingi huwa imepukutisha majani, ikabaki miiba mitupu. Lakini hapa na pale, katikati ya matawi hayo makavu, utaona kichaka cha majani mabichi kama kiota kikubwa. Usidhani mti umeanza kuchipua. Hicho ni kirukia.

Kirukia ni mmea usio na mizizi udongoni. Hukaa juu ya mti mwingine, kikatoboa gome na kufyonza maji na chumvichumvi ambazo mwenyeji wake amehangaika kuzitafuta ardhini. Kikulacho ki nguoni mwako! Hata hivyo, si mwizi kamili. Majani yake ni ya kijani, kwa hivyo hujipikia chakula kwa mwanga wa jua kama mimea mingine. Waingereza wana jamaa yake wa mbali ambaye humtundika mlangoni wakati wa Krismasi.

Je, kilifikaje huko juu? Tega sikio. Ukisikia mlio mmoja unaorudiwarudiwa, kama fundi wa bati anayegonga nyundo, huyo ni ndege mdogo mno apendaye tunda la kirukia. Hula nyama ya tunda, lakini mbegu imezungukwa na utomvu unaonata kama gundi. Ndege huitapika, ikamng'ang'ania mdomoni, naye hujipangusa kwenye tawi. Mbegu hunata papo hapo, huchipua, na kazi ya kutoboa gome huanza. Mbegu ikianguka chini imekufa, kwa maana udongo haiuwezi.

Ukibahatika kukuta maua, simama kidogo. Mengi ni marefu kama vifereji, yenye rangi nyekundu au ya machungwa. Anayeyahudumia ni chozi, yule ndege wa mdomo mwembamba uliopinda. Baadhi ya aina za kirukia hazifungui maua zenyewe. Chozi hutia mdomo kwenye ufa wa ua, nalo hufunguka ghafla kama mtego na kumrushia chavua kichwani. Chozi hupata asali yake, kisha hubeba chavua hiyo hadi ua jingine.

Fika sasa Naivasha, kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, ushike barabara ya kusini mwa ziwa. Hapa ndipo penye ile migunga mirefu yenye gome la manjano. Ukitaka kutembea kwa miguu au kwa baiskeli, ingia Mbuga ya Hell's Gate, iliyotengwa mwaka 1984, ambayo huruhusu wageni kushuka garini.

Kando ya ziwa kuna funzo jingine. Maji yalipopanda mwaka 2020 yalizamisha migunga mingi, nayo ikafa imesimama. Mti ukifa, kirukia nacho hufa, kwani hakina pengine pa kunywa. Mpangaji huyu hana faida yoyote katika kifo cha mwenye nyumba.

Lakini mgunga nao unaumia. Kirukia kimoja au viwili, mti mzima huvivumilia. Vikiwa vingi, hasa wakati wa ukame, tawi hukauka kuanzia nchani, kwa sababu kirukia huendelea kunywa hata mwenyeji anapojinyima. Basi, je, tuving'oe vyote?

Huko Australia, wanasayansi David Watson na Matthew Herring walijaribu. Waliondoa virukia kwenye vipande vya msitu, wakaviacha katika vingine. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2012, baada ya miaka mitatu vipande vilivyosafishwa vilikuwa vimepoteza zaidi ya robo ya aina za ndege wanaotegemea msitu. Huku kwetu pia, ondoa kirukia na chozi atapungukiwa na asali, mgonga nyundo atapungukiwa na matunda, na wako vipepeo ambao viwavi wao hula majani yake tu.

Nyumbani ni mambo mengine. Ikiwa mparachichi unaolisha watoto wako umevamiwa, una haki ya kuutetea. Ila usivunje kichaka peke yake, maana kitachipua tena. Kata tawi lenyewe, kama futi moja nyuma ya pale kiliposhika, upande wa shina. Fanya hivyo kabla matunda yake hayajaiva, ndege wasije wakapanda mbegu mti wa jirani.

Kwa migunga ya Naivasha, acha panga nyumbani. Beba darubini na daftari, uwaache watoto wahesabu: miti mingapi ina virukia, na kila kirukia kinatembelewa na ndege wangapi kwa saa moja. Hawatachoka upesi. Safari njema.