Rangi ya Lori ni Unene wa Karatasi

Wengi hapa chuoni mnanijua kama yule jamaa wa Kemia anayeosha magari Savei. Sina kinyongo na jina hilo. Bumu likichelewa, wengine wanakaanga chipsi, wengine wanachapa kazi za wenzao, mimi nashika ndoo. Huu ni mwaka wa pili, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Sasa kaka, digrii na kuosha gari wapi na wapi?"

Nitajibu kwa lori la mjomba wangu.

Mjomba ameendesha malori ya watu kwa miaka 19. Ndizi za Tukuyu, mchele wa Usangu, viazi vya Mbeya, vyote amevishusha hapa Dar usiku wa manane, mwenye gari akiwa amelala. Mwaka jana aliweka nyumba yake dhamana benki, akanunua la kwake. Si la mtumba. Jipya kabisa, nailoni bado iko kwenye viti. Marejesho ni ya miaka minne. Katika ukoo wetu kuna watu wanne ambao ada zao zinatoka kwenye matairi ya gari hilo, na mmoja wao ndiye anayeandika hapa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba rangi ya gari ni mambo ya urembo tu, mimi namsikiliza kwa heshima halafu nakataa.

Lori lilinunuliwa kichwa na chasisi tupu, kama yalivyo mengi. Bodi ilijengwa na mafundi wa gereji moja Tabata, kazi ya wiki tatu. Ilipokamilika mjomba akanipigia: "Mjomba, wewe si unaosha magari ya mabosi huko? Njoo uling'arishe na langu."

Nilikuta kijana wa gereji ameshajiandaa: ndoo moja, sabuni ya unga ya kufulia, na fulana kuukuu. Pembeni kulikuwa na chupa ya dizeli ya kupaka mwishoni ili gari liwake. Nikamwomba asubiri kidogo. Mjomba akaniangalia kwa jicho la "haya, msomi, tueleze."

Nilichomoa karatasi ya A4 kwenye begi nikampa ashike. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa karibu maikromita 100. Rangi yote ya gari linalotoka kiwandani, kuanzia tabaka la kuzuia kutu, praima, rangi yenyewe, mpaka klia ya juu, mara nyingi huwa kati ya maikromita 100 na 150. Klia peke yake ni kama nusu ya karatasi ile. Na klia ndiyo inayong'aa, ndiyo inayobeba dawa ya kupunguza makali ya jua. Ukiikwaruza na kuipiga polishi ya kusaga ili mikwaruzo ipotee, hujaponya kitu. Umeipunguza. Ukirudia mara nyingi, unafika kwenye rangi tupu, na jua la Chalinze linamalizia kazi.

"Kumbe mimi nimenunua karatasi," mjomba akasema.

"Ndiyo, mjomba. Na fulana hii ni msasa."

Sikuwa natania. Vumbi la barabarani limejaa chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko klia. Ukisugua gari kavu lenye vumbi, au ukirudisha kitambaa kichafu kwenye ndoo ile ile, unazungusha mchanga juu ya klia. Ile mistari kama utando wa buibui unayoiona kwenye gari jeusi juani huletwa zaidi na muoshaji kuliko na barabara. Sabuni ya unga nayo ina nguvu ya alkali. Imetengenezwa ing'oe mafuta kwenye nguo, kwa hiyo inang'oa na nta iliyopakwa kulinda rangi. Dizeli inang'aa kwa saa chache, kisha inashika vumbi, na mipira ya milango ikiizoea inavimba.

Kazi yenyewe haina uchawi. Mwagia maji mengi kwanza ili mchanga uondoke wenyewe. Tumia ndoo mbili: moja ya shampuu ya magari, nyingine ya maji safi ya kusuuzia kitambaa kila unapomaliza sehemu. Anza juu, malizia chini, maana chini ndiko kuliko na uchafu mwingi. Usioshe bati likiwa la moto, maji yatakauka na kuacha madoa. Kausha kwa kitambaa laini cha maikrofaiba, kisha paka nta nyembamba. Jua letu haliiachi nta ikae sana, kwa hiyo irudie kila baada ya miezi michache. Kinyesi cha ndege usikingoje kesho, kwa sababu kina asidi na joto la mchana linaisaidia kula klia.

Lakini nta hiyo niliipaka kichwa tu. Bodi niliiacha, na hapo ndipo fundi mkuu alipokuja kubishana. Lori moja lilikuwa na rangi za aina mbili. Ile ya kichwa ilikaushwa kiwandani kwenye tanuri, kwa joto la takriban nyuzi 140. Ile ya bodi ilipulizwa chini ya mwembe na kukaushwa na upepo. Ukiigusa ni kavu, ila ndani bado inatoa kiyeyusho. Ukiifunika kwa nta mapema, unakizuia kutoka na rangi inabaki laini. Kwa rangi ya namna hiyo ushauri wa kawaida ni kungoja siku 30 hadi 90. Fundi alinisikiliza, akacheka, akasema, "Dogo, hiyo umeitoa kitabuni." Nikamjibu ndiyo, mwaka wa kwanza, muhula wa pili.

Sasa, msije mkadhani mjomba alikuwa mwanafunzi na mimi mwalimu. Nilipomaliza, alilizunguka lori akiwa na kisu na mpira wa ndani wa tairi lililokufa. Akakata vipande, akaviweka kila mahali ambapo kamba ya turubai ingegusa bati. Akafungua milango, akazibua matundu madogo ya chini ambayo mimi sikuwahi kuyatazama. "Maji yakikaa humu, kutu inaanzia ndani, wewe huku nje unapaka nta," akasema. Akanionyesha nyuma ya matairi ya mbele, ambako mawe yatapiga, akaagiza mipira ya matope iongezwe urefu. Hakuna mhadhara ulionifundisha hayo. Ni miaka 19 ya kuangalia malori ya watu yakioza.

Tulikubaliana na jambo la mwisho, la utingo. Mjomba alimkataza kuoshea gari mtoni. Kule maji ni ya bure, lakini mafuta na sabuni vinakwenda kwa wanaochota chini. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto.

Kwa nini taabu yote hii? Kwa sababu siku mambo yakikaza na lori likalazimika kuuzwa, dalali ataanza na rangi kabla hajafungua injini. Akiona kutu kwenye mlango atashusha bei papo hapo, na pengo hilo ndilo linaloweza kuamua kama deni litaisha au nyumba itakwenda. Nta na shampuu nilizotumia hazikufika bei ya tairi moja.

Kwa wanaouliza digrii na kuosha gari wapi na wapi: vinakutana kwenye unene wa karatasi ya A4. Wewe unayesoma uhasibu, duka la mama yako lina daftari. Wewe wa sheria, shangazi yako ana kiwanja kisicho na hati. Nendeni mkavitazame likizo hii, na mkifika, waacheni wenye navyo nao wawafundishe.