Nafasi Kati ya SAUTI na ZETU

Mwaka 2023 nilirudi Goma kutoka utafitini nikiwa na kinasa sauti, kompyuta ya zamani na flashi moja niliyoipa jina SAUTI ZETU. Nilikuwa nimewarekodi wazee kumi na mmoja: watano wa Kihunde katika teritware ya Masisi, na sita wa Kinyanga katika teritware ya Walikale. Niliandika skripti fupi ya kunakili rekodi zote kwenye flashi. Ilipomaliza, ikaniandikia: "Nakala imekamilika." Nikafuta kadi ya kinasa sauti, maana ilikuwa inangojewa na mwenzangu, kisha flashi nikaipeleka kwa mwalimu wangu.

Mchana huo mzee mmoja wa Walikale alinipigia simu. "Mtoto yangu, sauti yangu ilifika?" Nikamjibu bila kusita: "Ndiyo baba, ilifika muzuri." Jioni mwalimu naye akapiga: "Flashi uliyoniletea haina kitu."

Usiku ule sikulala. Mzee yule alikuwa amenisimulia kwa siku mbili, akipumzika kila alipokohoa. Watu wa fani yetu wanajua uzito wa jambo hili. Utendi wa Mwindo tunao leo kwa sababu mwaka 1956 Shekarisi Candi Rureke aliuimba na kuusimulia kwa siku 12, nao ukaandikwa. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakauchapisha mwaka 1969. Kama karatasi zile zingepotea, hakuna mtu ambaye angeweza kumwambia Rureke aanze upya vilevile. Mimi nilikuwa nimepoteza masimulizi yangu kwa amri moja ya kompyuta, na nilikuwa nimeshamwambia mzee kwamba yako salama.

Asubuhi nilianza kuisoma skripti yangu mstari kwa mstari, kama tunavyosoma matini. Kwanza nilijiuliza: kompyuta inajuaje kwamba flashi imeunganishwa, na inaiambiaje programu?

Kwenye Linux, unapochomeka flashi, mfumo unaiweka mahali fulani katika mti wa mafolda, tuseme chini ya /media. Zamani programu iliyofanya kazi hiyo iliandika habari hizo katika daftari, faili liitwalo /etc/mtab. Daftari hilo liliweza kukosea: diski iliyounganishwa bila kupitia programu ile haikuandikwa humo. Siku hizi anayejibu ni kiini cha mfumo chenyewe, kupitia /proc/mounts. Hilo linaonekana kama faili, lakini halikai kwenye diski. Kila unapolisoma, kiini kinaandika jibu palepale, kutokana na kile kinachokijua kwa wakati huo. Kwenye mifumo mingi /etc/mtab ya leo ni kiungo tu kinachokupeleka huko.

Basi jibu lilikuwa la kweli. Lakini limeandikwaje? Kila diski ina mstari wake, na mstari una sehemu sita: kifaa, mahali kilipounganishwa, aina ya mfumo wa faili, masharti yake, na tarakimu mbili za mwisho. Kinachotenganisha sehemu hizo ni nafasi tupu. Sasa, jina la flashi yangu lilikuwa na nafasi ndani yake. Kama kiini kingeliandika lilivyo, msomaji angedhani SAUTI ni mahali na ZETU ni aina ya mfumo wa faili. Kwa hiyo kiini huandika nafasi ya ndani ya jina kwa njia nyingine: mkwaju unaolalia kushoto, kisha 040. Hiyo ndiyo namba ya herufi ya nafasi, 32, ikiandikwa kwa hesabu ya vizio vya nane. Mstari wangu ulisomeka SAUTI\040ZETU.

Skripti yangu haikujua kanuni hiyo. Ilichukua SAUTI\040ZETU kama jina halisi, ikatafuta folda hiyo, haikuiona, na kwa kuwa nilikuwa nimeiamuru iunde folda isiyokuwepo, tena kwa mamlaka ya msimamizi, ikaiunda. Ikanakili kila kitu humo, ndani ya diski ya kompyuta yenyewe, na flashi haikuguswa. Nilipochomoa flashi, folda SAUTI ZETU ilitoweka kama inavyotakiwa. SAUTI\040ZETU ikabaki, na rekodi zote kumi na moja ndani yake. Nilizifungua moja moja. Nilipoisikia sauti ya mzee wa Walikale, nilifunga mlango wa chumba ili wenzangu wasinione.

Aibu yangu ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu tasnifu yangu inahusu jambo hilihili: mipaka ya maneno katika uandishi wa lugha za Kibantu. Kizulu huandika ngiyabonga, neno moja. Kitswana huandika ke a leboga, maneno matatu. Muundo unafanana: kiambishi cha mtenda, kiambishi cha wakati, mzizi wa kitenzi, na maana ni moja, ninashukuru. Anayezungumza hatui katikati. Nafasi zile ziliwekwa na waandishi, na msomaji hana budi kufundishwa zinamaanisha nini. Katika kunukuu Kinyanga mimi mwenyewe hubishana na wenzangu kila wiki: tukate hapa au tuunganishe? Nilikuwa najua kwamba nafasi ni uamuzi wa mwandishi, lakini nilisoma mstari wa kompyuta kana kwamba nafasi zake zilitoka mbinguni.

Tangu hapo nimejifunza kwamba zipo njia salama zaidi. Maktaba ya lugha ya C ina kazi iitwayo getmntent inayosoma mistari hiyo na kurudisha nafasi mahali pake. Amri ya findmnt nayo husaidia. Lipo pia /proc/self/mountinfo, lenye habari nyingi zaidi kwa kila diski. Neno "self" hapo lina maana yake: programu mbili zilizo katika mazingira tofauti zaweza kusoma njia ileile na kupata orodha tofauti, kila moja ikionyeshwa ulimwengu wake. Na katika Linux 6.8, ya mwaka 2024, ziliongezwa njia za kukiuliza kiini moja kwa moja, programu ikapewa jibu lililopangwa tayari, bila kukata mstari kwa kukisia. Lakini maandishi ya zamani hayajaondolewa, na anayeyasoma bado anahitaji kujua tahajia yake.

Nilimpigia mzee nikamweleza kwamba nilimwambia "imefika" kabla sijahakikisha. Alicheka kidogo, akaniuliza: "Sasa umeisikia na masikio yako?" Nikasema ndiyo. "Basi sasa ndiyo imefika."

Machi 2025 mapigano yalifika Walikale-centre. Tangu hapo namba yake haipatikani. Rekodi zake ziko mahali patatu, na flashi ile sasa inaitwa SAUTI-ZETU, kwa kistari. Skripti nimeiandika upya. Haisemi tena "imekamilika" kwa kuwa tu haikupata kosa: inalinganisha faili moja moja na asili yake, kisha inacheza sekunde kumi za rekodi ya kwanza kutoka kwenye flashi. Rekodi ya kwanza ni yake. Anakohoa, anaomba maji, ndipo anaanza.