Sari Yenye Vifundo: Siku Yangu Sokoni Ahmedabad

Nilifika Ahmedabad mwishoni mwa Januari, msimu wa harusi ukiwa umepamba moto. Kwa Wahindu wengi wa Gujarat, kuanzia katikati ya Desemba hadi sikukuu ya Uttarayan, tarehe 14 Januari, ndoa hazifungwi. Siku hiyo mji mzima hupanda juu ya mapaa kurusha tiara, na ikishapita, harusi hufuatana. Tiara zilizokatika zilikuwa bado zimenasa kwenye nyaya za umeme na matawi ya miarobaini. Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo Dar es Salaam, Mtanzania mwenye asili ya Kigujarati, alikuwa anaolewa na kijana wa mji ule, na mimi nilikuwa sijawahi kukanyaga India.

Kulikuwa na shughuli mbili za kuvalia: usiku wa garba, ngoma ya duara ya Kigujarati, na siku yenyewe ya ndoa. Nilitaka nivae wanavyovaa wenyeji, tena nivae sawasawa, kwa heshima ya walionialika. Bi harusi mwenyewe hakuwa na nafasi, maana mikono yake ilishakabidhiwa wapaka hina. Nikapewa dada mkubwa wa mama yake, ambaye nyumba nzima humwita Masi. Alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, akaondoka akiwa binti, familia ilipohama baada ya Mapinduzi ya 1964. Nilipomwamkia, "Shikamoo, Masi," aliitika, "Marahaba, mwanangu," kwa lafudhi ileile niliyokulia. Nilimpelekea doti ya kanga. Aliipokea kwa mikono miwili, akalisoma jina lake kwa sauti, akapapasa pindo, akasema huenda imepigwa chapa Jetpur. Jetpur ni mji wa viwanda katika jimbo hilohilo la Gujarat, na kanga na vitenge vingi vinavyouzwa kwetu hutoka huko.

Asubuhi tulichukua bajaji, tukavuka mto Sabarmati kuelekea mji wa zamani, ulioasisiwa na Sultani Ahmad Shah mwaka 1411 na kuingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2017. Mji huu umelishwa na nguo. Kiwanda chake cha kwanza cha nguo kilianza kazi mwaka 1861, vikafuata vingine vingi hadi ukaitwa Manchester ya India. Kando ya mto huohuo Gandhi aliishi kati ya 1917 na 1930, akiwahimiza wananchi wasokote nyuzi kwa mikono yao na waachane na vitambaa vya Uingereza. "Watu wa nchi hii wamekwenda jela kwa sababu ya kitambaa," Masi aliniambia. "Kwa hiyo leo kwanza utazame. Kununua baadaye."

Bajaji ilitushusha Teen Darwaza, lango la mawe lenye matao matatu, na kutoka hapo tukaenda kwa miguu. Vichochoro vilijaa wauza vyombo, bangili, mboga na chai, pikipiki zikipenya katikati ya watu kwa honi zisizokoma. Tuliingia kwanza Dhalgarwad, soko la vitambaa lililo karibu na Msikiti wa Ijumaa. Humo nilionyeshwa ajrakh, pamba yenye nakshi za nyota na maua katika rangi nzito za buluu na nyekundu. Ajrakh hupigwa chapa kwa mihuri ya mbao iliyochongwa kwa mkono. Buluu hutokana na nili, nyekundu na mizizi ya mmea, nyeusi na vyuma chakavu vilivyovundikwa pamoja na sukari guru. Kitambaa hufuliwa, hupigwa chapa, huchovywa na kuanikwa mara nyingi kabla ya kuitwa kimekwisha. Wengi wa mafundi wake ni Waislamu wa jamii ya Khatri katika wilaya ya Kutch. Tetemeko la ardhi la tarehe 26 Januari 2001 lilipobomoa makazi yao na kuharibu maji waliyoyategemea kwa rangi, baadhi yao walihamia mahali papya karibu na mji wa Bhuj, wakajenga kijiji na kukiita Ajrakhpur. Nilipoambiwa hayo niliona sina sababu ya kuondoka mikono mitupu. Nikakatiwa mita tano za pamba, kwa ajili ya gauni langu na shati la baba.

Kutoka hapo tukaenda Ratanpol, mtaa wa sari za harusi. Duka la sari la Ahmedabad haliingiwi na viatu. Unavivua mlangoni, unakaa juu ya godoro jeupe lililotandikwa sakafu nzima, unaletewa chai yenye tangawizi katika kikombe kidogo, kisha kazi inaanza. Muuzaji hukaa mbele yako akiwa amezungukwa na rafu hadi darini. Unataja rangi, kijana anarusha sari kutoka juu, mwenzake anaidaka na kuifungua kwa mkono mmoja, nayo inatanda mbele yako mita tano na nusu za hariri. Kabla hujasema neno, ya pili imeshafunguka juu yake.

Niliuliza kuhusu rangi, nisije nikavaa kisichofaa. Masi alinieleza kwamba kwa Wahindu nyeupe tupu ni rangi ya msiba na ya wajane, nyeusi haipendwi harusini, na nyekundu yenye zari ni ya bi harusi. Bi harusi wa Kigujarati huwa na sari mbili. Panetar ni nyeupe yenye pindo jekundu, na kwa desturi hutoka kwa mjomba wake, ndugu wa mama. Gharchola ni nyekundu iliyogawanywa viraba kwa nyuzi za zari, na hutoka upande wa mume. Akivishwa hiyo, ameshaingia ukoo mwingine. Kwetu bi harusi hupewa kanga ya kisutu, nayo ina heshima yake. Pande zote mbili za bahari, nguo ndiyo inayotangaza kwamba binti amehama nyumba.

Nilichagua kijani kibichi, sari ya bandhani. Na hapo ndipo nilipojifunza jambo kubwa la siku ile. Mbele yangu ziliwekwa sari mbili za kijani, na muuzaji akasema zote ni za madoadoa yaleyale meupe na manjano yaliyojipanga kuwa maua na tausi. Ya kwanza bei yake rupia 700. Ya pili rupia 7,500. Kwa maelezo yake zilikuwa pacha. Masi akaigeuza ya kwanza: upande wa ndani ulikuwa umefifia, madoa yake duara kamili, yote kipimo kimoja, kitambaa laini bila kovu. Ilikuwa imepigwa chapa na mashine. Ya pili haikugeuzwa, maana vifundo vyake vilikuwa havijafunguliwa. Ilikuwa kitu kilichokunjamana, kizito, chenye chunusi za uzi kila mahali.

Bandhani hutengenezwa kwa kufunga. Mchoro huwekwa kwanza juu ya kitambaa kwa rangi ya muda, kisha mfungaji hukinyanyua kitambaa kwa ncha ya ukucha, kidogo sana, na kukizungushia uzi hadi kikaze. Kila doa ni kifundo kimoja. Hutiwa rangi nyepesi kwanza, hufungwa tena pale panapotakiwa kubaki na rangi hiyo, kisha huchovywa rangi nzito zaidi. Sari moja nzuri hubeba maelfu ya vifundo. Wanaovifunga wengi ni wanawake, katika nyumba za Kutch na Jamnagar, wakiifanya kazi hiyo baina ya kupika na kulea, na hulipwa kwa hesabu ya vifundo. Wauzaji waaminifu huiacha sari na nyuzi zake mpaka mnunuzi atokee, ili ashuhudie mwenyewe kwamba kazi ni ya mkono.

Muuzaji akashika ncha moja, kijana wake akashika ya pili, wakaivuta kwa nguvu. Vifundo vikaanza kufyatuka, taa-taa-taa, kama mvua ya kwanza juu ya bati, na nyuzi zikarukaruka juu ya godoro jeupe. Chini ya kila kifundo kulitokea doa dogo lililokuwa limefichwa tangu mfungaji alipolifunga. Hakuna mtu aliyewahi kumwona tausi yule akiwa amekamilika kabla yetu, hata mfungaji mwenyewe. Niliguswa moyo kiasi cha kushindwa kuuliza bei ya mwisho. Masi aliniulizia. Tulipunguziwa kidogo, nikalipa rupia 7,000, na nililipa kwa moyo mweupe.

Kabla hatujaondoka muuzaji alifungua kabati na kutuonyesha patola ya Patan, mji ulio kaskazini mwa Ahmedabad. Hii hufungwa na kutiwa rangi ikiwa bado nyuzi, mtande na mshindio, kila upande peke yake, kisha hufumwa kwa namna ambayo rangi za nyuzi hizo hukutana mahali pake hasa. Uzi ukisogea, ua limeharibika. Haina ndani wala nje. Pande zote mbili ni sawa. Sari moja huchukua miezi kadhaa kwa watu zaidi ya mmoja, na bei yake huanzia zaidi ya rupia laki moja. Sikuwa na fedha hizo, lakini nilishukuru kuigusa.

Baada ya chakula cha mchana cha dengu, chapati nyembamba na mtindi, tulimwendea fundi cherehani. Sari ikitoka dukani bado haijawa vazi. Hukatwa kipande cha mwisho kwa ajili ya blauzi, hushonewa utepe wa pamba upindoni kwa ndani ili ining'inie vizuri na isichakae miguuni, na hutafutiwa gagulo la rangi yake, maana sari nzima hushikiliwa na kamba ya gagulo. Niliomba blauzi ya mikono mirefu, yenye kushuka hadi kiunoni. Fundi hakushangaa, Waislamu wa mji wake humshonesha hivyo kila siku. Alichukua vipimo, akaahidi kesho yake jioni, na aliitimiza ahadi.

Jioni tulimalizia Law Garden, ambako vibanda vya barabarani huwashwa taa na kutundikwa chaniya choli, sketi pana, blauzi na mtandio wa garba. Nyingi hushonewa vioo vidogo na tarizi za rangi kali, mtindo wa Kutch na Saurashtra, ili mvaaji akizunguka mwanga uzunguke naye. Hapa bei hupatanwa, na Masi alipatana kwa utulivu: hakudharau mali ya mtu, alitaja tu bei yake na kusubiri. Garba iliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2023, na muuzaji wetu, mama wa makamo, alilitaja hilo kwa fahari huku akinipimia sketi kiunoni.

Usiku Masi alinifundisha kufunga sari kwa kutumia moja ya zake. Marinda hukunjwa kwa vidole na kuchomekwa mbele, kisha ncha yenye nakshi hupitishwa nyuma na kuletwa mbele juu ya bega la kulia, ikafunika kifua. Huo ndio ufungaji wa Kigujarati. "Hivi kazi ya aliyefunga vifundo inaonekana yote," alisema. "Usiifiche mgongoni."

Maneno hayo yalinifanya niwafikirie washonaji wa kofia wa Unguja. Kofia ya mkono, yenye viua vilivyotobolewa na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja, huchukua wiki nyingi, na dukani huwekwa kando ya kofia ya mashine inayouzwa kwa sehemu ndogo ya bei yake. Mnunuzi anayetazama bei tu ataiona ya mkono ni ghali. Anayejua kilichoingia humo ataiona rahisi. Ndiyo maana nawaomba wanaokwenda India kununua nguo, na sisi tunaonunua nyumbani, tuigeuze nguo tuone ndani, tumuulize muuzaji nani ameifanya na wapi, na tuwe tayari kununua moja ya kweli mahali pa tano za kuiga. Fedha hiyo ikimfikia aliyefunga kifundo au kutoboa kiua, atakuwa na sababu ya kumfundisha binti yake.