Mkungu wa Ndizi kwa Laki Tano

Siku ya Mavuno, katika usharika niliozaliwa huko Kilimanjaro, mpwa wangu alinunua mkungu wa ndizi kwa shilingi 500,000. Mnada ulikuwa umefika 20,000. Akinamama wakapiga vigelegele, nami, niliyekuwa mhubiri mgeni, nikampa kipaza sauti awasalimie washarika. Nilijivuna. Ni mtoto wa dada yangu, na kipaimara nilimfundisha mwenyewe.

Kijana huyu yuko Nairobi, katika kampuni ya washauri wa uongozi wa biashara. Wengi wetu hatuielewi kazi hiyo. Kampuni au wizara ikitaka kupunguza gharama au kupanua soko, huita timu ya washauri kwa wiki kadhaa na kulipa ada kubwa. Ada hiyo si ya kijana wa timu. Yeye hupata mshahara, na mwisho wa mwaka bonasi, kutegemea wakubwa wamempima vipi akilinganishwa na wenzake. Anayepimwa vizuri hupanda, na huko juu kabisa wabia hugawana faida. Asiyepanda kwa muda unaotarajiwa huambiwa, kwa upole, atafute kazi kwingine.

Alinieleza haya usiku uleule, jikoni kwa mama yake. Nilimwuliza mshahara wake. (Mchungaji hapaswi kuuliza, lakini mjomba anaweza.) Anachopata kwa mwezi ni zaidi ya ninachopata mimi kwa miezi kumi. Nilinyamaza, na sitadanganya kwamba nilikuwa naomba.

Mwaka uliotangulia dada yangu alipasuliwa. Kijana alituma fedha zote za matibabu kwa siku moja, nami nikasimama kwenye kikao cha ukoo nikasema Mungu amemtumia. Yeye mwenyewe hakuja. Mama yake alimwulizia siku tatu mfululizo, nikamwambia tulia, mwanao anakutafutia fedha.

"Zile fedha nilikopa, Mjomba," alisema. "Nilijua bonasi italipa. Ilikuwa miezi ya kupimwa. Ningeiacha timu, ningeshushwa, na deni ningebaki nalo."

"Ungetuambia."

"Hakuna aliyeniambia nije. Hata wewe."

Mimi hufundisha maadili katika chuo cha theolojia. Niliporudi nilisoma habari za kazi hii, nikitafuta, nakiri, mahali pa kuilaumu. Nikakutana na Marvin Bower, aliyeiongoza McKinsey ya Marekani kuanzia 1950 hadi 1967. Alipofikisha miaka 60, mwaka 1963, aliiuzia kampuni hisa zake kwa thamani iliyoandikwa katika vitabu vya hesabu, wakati bei ya soko ingempa fedha nyingi zaidi. Hakutaka wanaobaki wabebe deni ili yeye atajirike. Basi hata huko yupo aliyejua kusema inatosha.

Wanafunzi wangu hawaupendi mfano wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu. Kila mwaka huwa upande wa wale walionung'unika, na zamani niliwarekebisha haraka. Sasa nasoma nao polepole. Mwenye shamba hakumpima mtu yeyote kwa mwenzake. Kupimana kulianza pale wa kwanza walipotazama mikono ya wa mwisho.

Nami napimwa. Katika vikao vyetu sadaka za sharika husomwa kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na kwa miaka sita nilipokuwa usharikani jina letu lilisomwa mapema. Nililipenda jambo hilo. Ndiyo sababu mkono wangu ulikwenda kwenye kipaza sauti upesi namna ile, na sikumwuliza kijana analala saa ngapi.

Mwezi Machi alinipigia simu kuuliza Mavuno ya mwaka huu ni lini. Nikamwambia asisubiri Mavuno. Aje mikono mitupu. Mama yake ana kliniki Jumanne, na anahitaji mtu wa kumshika mkono kushuka kwenye daladala.